Kufuma, Kufumua na Kuzungusha Uzi

Wiki hii ni zamu ya kundi la nyuzi. Wenzetu wa kwaya wameshaandika, wa kompyuta wameshaandika, wa mpira wameandika mara mbili (hatushangai, hao wanapenda kusemasema). Sisi kila tukikutana na mtu barabarani tunaulizwa lile lile: "Na nyinyi, kila Jumamosi mnafungiana ndani na nyuzi, mnafanya nini hasa?" Basi leo tunajibu, na tunajibu kwa urefu, kwa sababu mambo ya uzi hayana njia ya mkato.

Sisi tuko kumi na moja. Wengine tumetoka Bukavu na Uvira, wengine Masisi, wengine Bujumbura. Wasichana ni saba, wavulana wanne. Tunakutana Nyamirambo, kwenye chumba cha nyuma cha mama mmoja anayetufundisha, mchana baada ya kazi za nyumbani. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunachelewa kidogo kwa sababu ya umuganda, maana huwezi kutoka kwenye jembe na kushika sindano bila kuoga kwanza.

Tuanze na jina, maana hata jina lilituletea kicheko. Wa Kongo tunasema triko. Wa Burundi wanasema umupira, na hapa Rwanda pia ni umupira. Sasa umupira ni sweta, na umupira ni mpira wa miguu vilevile. Siku za kwanza kijana mmoja wa Bujumbura alimwambia mama yake anakwenda kwenye umupira, mama akamfungia viatu vya kuchezea ndani ya begi. Alifika kwetu na viatu vya meno, akapewa sindano mbili na uzi. Hajarudi uwanjani mpaka leo.

Kwa nini kufuma?

Mtu asiyejua Kigali anafikiri Afrika yote ni joto. Kigali iko juu, kama mita 1,500 hivi, na asubuhi za mvua, Machi mpaka Mei, mtoto anayetembea kwenda shule saa kumi na mbili na nusu anatetemeka kweli. Waliowahi kuishi kambi ya Gihembe, kule Gicumbi, kabla haijafungwa mwaka 2021, wanatuambia huko baridi ilikuwa inaingia mpaka kwenye mifupa. Kwa hiyo sweta huku si urembo. Na shule nyingi zinadai sweta ya rangi ya shule juu ya sare, na mzazi mwenye watoto wanne anahesabu sweta nne.

Mama anayetufundisha alijifunza kwa mama yake, na huyo mama yake alijifunza kwenye foyer social. Wazee wenu wanajua hilo neno. Zilikuwa nyumba ambazo Wabelgiji walifungua mijini ili wanawake wafundishwe kupika, kupiga pasi, kushona na kulea watoto. Ile ya Usumbura, ndiyo Bujumbura ya sasa, ilianza mwaka 1946. Walikuwa na nia yao, kuwatengeneza wanawake wawe wake wa nyumbani kwa namna waliyoipenda wao. Lakini ufundi ukishaingia mkononi hauulizi tena nani aliuleta. Bibi alifuma, akalisha watoto kwa kufuma, akavuka mipaka miwili na sindano zake kwenye kitenge. Sasa tunashika sisi, na wavulana tumo. Bibi huyo angetuona angecheka, maana kwenye foyer social mvulana hakukaribishwa.

Uzi unatoka wapi

Hapa ndipo shida inapoanza. Bonge la uzi mpya dukani ni dogo, na sweta ya mtu mzima inakula mabonge mengi. Tulipopiga hesabu tukaona uzi mpya wa sweta moja unazidi bei ya sweta nzima ya caguwa. Mnajua caguwa: zile nguo za mitumba. Na neno lenyewe ni letu, ni "chagua" ya Kiswahili iliyovaa mavazi ya Kinyarwanda.

Basi tukafanya kama jina linavyosema. Tunachagua. Tunanunua sweta kuukuu, tunaifumua, tunapata uzi, tunafuma upya. Zamani ingekuwa rahisi zaidi. Lakini mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba, kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola 2.50, ili viwanda vya ndani vipate nafasi. Marekani ilikasirika, na mwaka 2018 ikaziondolea nguo za Rwanda nafasi ya kuingia kwake bila ushuru. Sisi si wachumi na hatuamui nani alikuwa na haki. Tunachojua ni kwamba caguwa imekuwa ghali, na sweta nzuri ya sufu ukiiona Kimironko usizunguke kwanza ukitegemea kurudi. Ukirudi haipo.

Sasa, siyo kila sweta inafumulika. Hili tulifundishwa mapema, na tunawapa bure. Igeuze ndani nje, uangalie mishono ya ubavuni. Ukiona mshono umekatwa na mashine na kuzungushiwa nyuzi nyembamba nyingi, acha. Hiyo ilikatwa kwa mkasi kama kitambaa, na ukiifumua utapata vipande vifupi tu vya uzi, urefu wa kifua, mamia. Ukiona kingo ni nzima na zimeunganishwa kwa uzi mmoja kama mnyororo, nunua. Hiyo ilifumwa kila kipande kwa umbo lake. Ukikata ule uzi wa kuunganisha, vipande vinaachana, na kila kipande kinafumuka kutoka juu kwenda chini, mstari baada ya mstari, kwa uzi mmoja usiokatika. Sauti yake ni kama mvua ndogo kwenye bati. Kuna wanaokuja Jumamosi kwa ajili ya sauti hiyo tu.

Halafu kuna jaribio la moto. Unakata kipande kidogo cha uzi, unakishika na koleo, unakiwasha. Kikinuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopondeka, ni sufu. Kikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, ni akriliki. Zote mbili tunazitumia, lakini lazima ujue, maana sufu ukiiosha kwa maji ya moto na kuisugua inajikunja na kuwa nene kama blanketi la punda, na hairudi tena.

Sindano

Sindano za dukani tulikuwa na jozi mbili. Watu kumi na moja, jozi mbili. Ikabidi tuwe mafundi. Spoku za baiskeli, zile za unene wa milimita 2, ukizikata na kuzinoa kwenye saruji, zinafaa kwa uzi mwembamba, kofia za watoto wachanga na soksi. Kwa uzi mnene kidogo tukatumia vijiti vya mianzi vya brosheti. Tulikuwa tunapita kwa muuza brosheti mmoja tukimwomba vijiti vilivyotumika. Tunavichemsha, tunavipiga msasa, tunavipaka mafuta ya kupikia. Yule bwana aliamini muda mrefu kwamba tunafuga ndege na kuwajengea viota. Siku tuliyompelekea kofia ya mtoto wake, akasimama anaiangalia, akasema, "Yani hii imetoka kwenye mbuzi wangu?"

Mambo ya kuzungusha

Watu wanafikiri kazi ya kufuma ni sindano. Wapi! Nusu ya kazi ni kuzungusha uzi. Uzi uliofumuliwa unatoka umejikunja kama nywele zilizosukwa wiki mbili. Huwezi kuufuma hivyo, utapata vitanzi vya kila saizi. Lazima uuzungushe kwanza uwe shada kubwa la duara, ulifunge sehemu nne kwa uzi wa rangi nyingine, ulioshe kwa maji ya vuguvugu, ulitundike kivulini na kitu chepesi cha kulivuta chini. Sisi tunatundika chupa yenye maji nusu. Likikauka, uzi umenyooka. Halafu ulizungushe tena, safari hii kuwa bonge. Ndipo unaanza kufuma. Ukiruka hatua moja, uzi unajisokota na kufunga mafundo, na Jumamosi nzima inaishia kwenye fundo moja.

Mwanzo tulitumia mikono. Mmoja anakaa na mikono mbele kama anayepokea mtoto, mwingine anazungusha. Shada moja dakika arobaini. Mikono inakufa ganzi, pua inakuwasha na huwezi kujikuna. Lakini tuseme ukweli, ndiyo ilikuwa saa ya maongezi. Mtu aliyeshika shada hawezi kushika simu wala kuondoka. Mambo ambayo hatujawahi kuambiana kwenye mkutano wowote wenye karatasi ya mahudhurio, tuliambiana tukiwa na uzi mikononi: nani alipotea njiani, nani bado anaota milio, nani hajui mama yake yuko wapi.

Halafu tukapata gurudumu. Fundi mmoja wa baiskeli Kimisagara alikuwa na gurudumu lililopinda, halifai barabarani, akatupa. Dereva wa moto akakataa kutubeba nalo, na alikuwa na haki. Tukalibeba kwa miguu kupanda mpaka Nyamirambo, na kila kona watoto wanauliza, "Baiskeli yenyewe iko wapi?" Tukalilaza juu ya stuli, ekseli imefungwa kwa nati, tukasimamisha vijiti vinane vya mianzi pembeni. Ukilisukuma kwa kidole linazunguka lenyewe. Tukapima kwa tepi ya fundi cherehani: mzunguko mmoja ni mita 1.7. Hapo tukapata kitu ambacho hatukukitegemea, yani kipimo. Mizunguko 100 ni mita 170. Sweta ya mtu mzima kwa uzi wa kawaida inataka kama mita 1,100. Sasa tunajua kabla ya kuanza kama uzi utatosha, badala ya kufika kwenye mkono wa pili na kukuta umeisha.

Cha tatu kilitoka mbali. Dada yetu mmoja aliyehamishiwa Kanada, ambaye alikuwa nasi tangu mwanzo, alitutumia mashine ndogo ya kukunja uzi. Ya plastiki ya buluu, unaibana kwenye ukingo wa meza, unazungusha mpini, na yenyewe inakunja uzi kuwa bonge bapa kama keki, na uzi unatoka katikati. Bonge la kawaida linaruka na kubingirika chini ya kitanda na kuokota vumbi. Hili linakaa palepale kama mtoto mwenye adabu. Shada moja dakika nne! Tulipigana zamu kuzungusha mpini. Hata wa mpira walikuja kuangalia.

Iliishi miezi minane. Jino moja la gurudumu la ndani likakatika, mashine ikawa inaruka na kukoroma. Tukaibandika gundi, ikazunguka wiki mbili, likakatika tena, na jirani yake likafuata. Fundi wa redio aliifungua, akaifunga, akatuambia kwa upole kama daktari kwamba kipuri chake hapa hakipo. Tulinyamaza siku hiyo. Mtu asicheke: ile mashine ilikuwa imetoka kwa mtu wetu, na ilikuwa kitu cha kwanza ambacho kundi lilikuwa nacho kipya kabisa, ndani ya boksi lake, hakijatumiwa na mwingine kabla yetu.

Ndipo mama akaenda jikoni akarudi na mwiko wa ugali. Akasema, "Mutie mashine ku kabati. Muniangalie." Akafunga ncha ya uzi kwenye mpini, akazungusha mara chache kunyooka, halafu akaanza kuzungusha kwa mshazari huku anageuza mwiko polepole kwa mkono wa kushoto. Bonge likajijenga lenyewe, lenye misalaba mizuri, na alipolichomoa kwenye mpini, uzi ulitoka katikati kama ule wa mashine. Dakika kumi na tano. Mwiko hauna meno ya kukatika. Tukamwuliza kwa nini hakutuonyesha tangu zamani. Akasema, "Mulikuwa na furaha na kamashine. Ningeingilia nini?"

Na tangu siku ya kwanza alikuwa ametukataza jambo moja: usivute uzi ukizungusha. Uzi wa sufu una mvutiko. Ukiukunja kwa nguvu unakaa umenyooshwa ndani ya bonge, unaufuma ukiwa umenyooshwa, na siku sweta itakapooshwa, uzi unarudi urefu wake wa kweli na sweta inakuwa ya mdogo wako. Kwa hiyo tunaweka vidole viwili kati ya uzi na bonge tunapokunja, tunavichomoa, tunaendelea. Anasema, "Uzi inaongozwa, haivutwe."

Iliyofanikiwa na iliyokwama

Mradi wetu wa kwanza ulikuwa skafu. Tulifuma skafu ishirini na mbili. Zikakamilika Juni, kiangazi kimeingia, jua linawaka, nani atanunua skafu? Tuliuza sita. Zilizobaki tunazo, na kama una harusi ya mtu wa nyanda za juu, njoo tuzungumze.

Kofia za watoto wachanga zilifanikiwa, ingawa hazina faida kubwa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anapoteza joto haraka, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake, ndiyo maana manesi wanapenda avae kofia hata anapokaa kifuani kwa mama. Kofia moja inaisha Jumamosi moja. Mtu anayeanza kujifunza tunampa kofia, maana anahitaji kuona kitu kimeisha. Sisi tuna vitu vingi maishani ambavyo havijaisha.

Sweta za shule ndizo zilituinua na kutuangusha. Wazazi kumi na wanne wa jirani walituamini, tukafuma Julai na Agosti ili shule zikifunguliwa Septemba watoto wavae. Walilipa kidogokidogo kwa simu, na wote walimaliza. Baadaye mnunuzi mmoja akaja na oda ya sweta thelathini. Tulifuma usiku, cash power ikiisha tunafuma na tochi ya simu. Alichukua sweta, akalipa robo, simu yake ikaacha kupatikana. Hatumtaji. Lakini uzi wa oda hiyo tulikuwa tumeununua kwa pesa za ikimina, ile wanayoita wa Kongo likelemba, na pesa za ikimina ni kodi ya nyumba ya mtu, ni dawa za mtu. Tulikaa miezi mitano tunarudisha, francs mia mbili mbili, mpaka kila mmoja akapata chake. Hakuna aliyetoka kwenye kundi. Tangu hapo oda kubwa inalipiwa nusu kabla ya kitanzi cha kwanza, awe ni nani.

Sweta ya Februari

Hii ndiyo sehemu iliyotufanya tuandike, na tumeomba ruhusa kwa mwenyewe.

Kaka yetu mmoja, mrefu kuliko sisi wote, alikuwa anaondoka na familia yake kwenda Marekani. Miaka ya mahojiano, vipimo vya hospitali, masomo ya kuwaandaa, yote yalikuwa yameisha. Ndege ilikuwa wiki ya kwanza ya Februari 2025. Mji waliopangiwa una theluji. Kwa hiyo Novemba tulianza sweta yake. Sufu tupu, buluu ya giza, kutoka sweta tatu za caguwa zilizofanana rangi. Tulizungusha mashada kwenye gurudumu tukahesabu mizunguko 760, karibu mita 1,300, maana mikono yake ni mirefu kama ya ngazi. Kila mmoja alifuma kipande. Ukiangalia vizuri unaona vitanzi vya nani vimekaza na vya nani vimelegea. Tuliimaliza mwanzoni mwa Januari.

Familia iliuza kitanda, jiko la gesi, meza. Waliaga nyumba. Tarehe 20 Januari rais mpya wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na siku chache baadaye ujumbe ukaja: safari imefutwa. Hawakuambiwa lini itarudi. Mnajua wengi wenu, hamkuwa nje ya habari hii. Wengine mnaosoma hapa mna masanduku yenu chini ya kitanda mpaka sasa.

Na wiki hizohizo, mwisho wa Januari na Februari, habari za Goma na Bukavu zilikuwa zinaingia kwenye simu zetu usiku kucha. Hatutaeleza hayo leo. Tunasema tu kwamba kulikuwa na Jumamosi ambazo tulikaa chumbani, sindano mikononi, na hakuna aliyefuma mstari hata mmoja.

Machi kaka yetu akaja na sweta ndani ya bahasha ya karatasi. Akasema, "Naomba tuifumue." Dada zake wawili wadogo walikuwa wamerudishwa shuleni katikati ya muhula, na sare zao za zamani walikuwa wamezigawa walipokuwa wanaaga. Sweta ya shule yao ni buluu ya giza.

Tuligombana. Tunaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wengine tulisema hapana, ukifumua sweta hii ni kama umesema safari imekufa, wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Wengine tulisema watoto wanatetemeka leo na theluji haijulikani ni ya lini. Tulimtolea uzi mwingine, akriliki, akakataa. Alisema hataki dada zake wavae mabaki huku yeye ameweka sufu sandukuni anangojea simu. Jumamosi mbili zikapita hivyo. Ya tatu mama akasema neno lake: "Sweta ni ya mutoto, haiko ya ndege. Yeye ndo mwenyewe. Mumuache afanye."

Tukakata uzi wa kuunganisha. Vipande vikaachana. Gurudumu lilikuwepo pale kwenye stuli, lakini kaka yetu alikaa kwenye mkeka akanyoosha mikono yake mbele, ile mirefu, akasema tuzungushie hapo. Tukapokezana. Ilichukua mchana wote, shada baada ya shada, na hakukubali mtu ampokee. Alizungumza kidogo. Alisema kitu kigumu siyo ndege. Kigumu ni kwamba alikuwa ameshazoea kujiona huko. Alikuwa ameshajifunza jina la barabara.

Ule uzi ulitoa sweta mbili za watoto na kofia moja juu yake. Hesabu ilikuwa sawa kabisa: mita 550 na mita 480, na baki. Dada zake wanavaa. Mdogo ameshachafua kiwiko, na tayari tumekitia kiraka. Kofia alichukua kaka yetu, anaivaa asubuhi akienda kazini. Sasa hivi ndiye anayetunza gurudumu, na ndiye anayefundisha wapya kuzungusha.

Watu wametuuliza kama safari ikifunguliwa tutafanyaje. Tutafuma nyingine. Kufuma na kufumua kwa Kiswahili ni neno moja lililopindishwa kidogo tu mwishoni, na mikono yetu inajua yote mawili. Hatusemi kwamba haiumi. Sweta ya miezi miwili ilifumuka kwa mchana mmoja, tuliihesabu. Lakini uzi wote ulikuwepo, hatukupoteza hata mita moja.

Tunachohitaji

Tunafunga na mambo ya vitendo, maana mama amesoma andiko hili na kusema limekuwa refu.

Kama una sweta kuukuu ambayo haivaliki, usiitupe. Igeuze ndani nje, angalia mishono kama tulivyoeleza. Ikiwa ni ya kufumulika, tuletee. Ikiwa imekatwa kwa mashine, ibaki nayo, inafaa kwa kujaza mito. Mfuko wa karatasi unatosha, mfuko wa plastiki mnajua wenyewe ulikatazwa hapa tangu 2008. Tunatafuta gurudumu la pili la baiskeli, hata lililopinda, na safari hii tunaomba mwenye gari. Tunatafuta pia mtu mwenye ujuzi wa kuchonga jino la plastiki au la mbao, maana mashine ya buluu bado iko kabatini ndani ya boksi lake na hatujakata tamaa nayo.

Na kama huna sweta wala gurudumu, njoo na mikono miwili. Wiki ijayo tuna sweta tano za kufumua na mashada ya kushikilia. Utakaa, utanyoosha mikono, hutaweza kushika simu. Chai ipo.

Tuonane Jumamosi.